Mto unaishia wapi, na nani aliyeulizwa?



Leo naomba tuziache kidogo siasa za vyama, za nani kahama na nani karudi kundini, tuzungumzie mstari. Nazungumzia ule mstari ambao mchora ramani huuweka mahali mto unapomalizikia na bahari inapoanzia. Najua wapo watakaosema ndugu yetu huyu kakosa la kuandika, baridi ya huko imempanda kichwani. Nawaomba subira. Tukifika mwisho kila mmoja atapima mwenyewe kama jambo hili ni dogo.

Tulipokuwa shule ya msingi mwalimu alitundika ramani ukutani. Mto ulikuwa uzi wa buluu, bahari ilikuwa shuka la buluu, na uzi ukiligusa shuka basi hapo ndipo mwisho. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza ni hapo hasa au maili tano nyuma yake. Lakini nenda leo Pangani, Kipini, au Nyamisati pale delta ya Rufiji, uwaulize watu wanne swali hilo hilo, utapata majibu manne. Mkulima wa mpunga atakwambia mto unaishia pale maji yanapoanza kuwa na chumvi. Nahodha wa mashua atakwambia ni pale ambapo maji hayajai wala hayapwi tena. Mpimaji wa ardhi atatazama kingo mbili za mto zinapoachana, na mwanasheria atafungua kitabu akuoneshe pale serikali iliposema. Wote wanne wanasema kweli, na baina ya jibu la kwanza na la mwisho panaweza kuwa na vijiji kadhaa, mashamba, misitu ya mikoko na makaburi ya wazee.

Msidhani ni matatizo ya kwetu peke yetu. Mji huu ninaoishi umekaa ufukweni mwa Ziwa Ontario, na maji ya ziwa hili huteremka kwenda bahari ya Atlantiki kwa mto St. Lawrence. Mto huo unaishia wapi? Kujaa na kupwa kwa maji kunaonekana mpaka karibu na mji wa Trois-Rivières, ndani kabisa. Chumvi huanza kuonjeka upande wa mashariki wa kisiwa cha Orléans, chini ya mji wa Quebec. Wataalamu wengi wa jiografia huuweka mwisho wa mdomo wake Pointe-des-Monts, mbali zaidi. Na Mfalme wa Uingereza, katika tangazo lake la Oktoba 1763, aliukata mdomo wa mto huo kwa mstari uliotoka Cap-des-Rosiers, ukapita ncha ya magharibi ya kisiwa cha Anticosti, ukaenda kuishia mto Saint-Jean upande wa pili. Kutoka jibu la kwanza hadi hilo la mfalme ni mamia ya kilomita. Na mpaka leo watu wa Rimouski, ambao kwa ramani wanaishi kando ya mto, wakitoka kwenda ufukweni husema wanakwenda baharini.

Sasa tujiulize: kama maji yenyewe hayana mwisho mmoja, kwa nini wakubwa wahangaike kuuweka?

Jibu ni kwamba mto una mwenyewe na bahari ina wenyewe wengi. Maji ya mto ni ya ndani, kama sebule ya nyumba. Mgeni haingii bila hodi. Baharini meli ya kigeni ina haki ya kupita ilimradi haina shari. Na maili 12 za bahari ya taifa, na zile 200 za uchumi, zote huanza kuhesabiwa kutoka kwenye mstari wa pwani. Ukiusogeza mstari huo mbele kidogo, umejiongezea samaki, umejiongezea njia za meli, na siku hizi umejiongezea gesi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985 na Kenya mwaka 1989, unasema katika Ibara ya 9 kwamba mto unaoingia baharini moja kwa moja hukatwa kwa mstari ulionyooka mdomoni, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa kufuata alama ya maji kupwa. Maneno machache tu. Lakini hayasemi mdomo ni upi.

Argentina na Uruguay waliliona pengo hilo mapema. Januari 1961 walitangaza kwamba Río de la Plata, ambayo mdomoni ina upana wa kilomita zaidi ya 200, ni mto mpaka mwisho wake, na mstari wakauchora kutoka Punta del Este hadi Punta Rasa. Mataifa yenye meli nyingi, Marekani na Uingereza miongoni mwao, yakapinga. Mto gani, walisema, ambao ukisimama ukingo mmoja hauoni mwingine? Hata hivyo wenye mto walishika msimamo wao na mwaka 1973 wakautilia mkataba. Funzo ni moja: anayewahi kuchora na akaweza kulinda alichochora, huyo ndiye ramani humtii.

Tukirudi kwetu Mwambao, sisi hatukuwahi kuchora. Tulichorewa.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana wenyewe kwa wenyewe juu ya kipi cha Sultani wa Zanzibar na kipi cha kugawana. Walisema ukanda wa Sultani wa bara ungeanzia mto Miningani katika ghuba ya Tunghi, kusini ya Ruvuma, uende mpaka Kipini kaskazini, kwa kina cha maili 10 kuingia bara, zipimwe kutoka alama ya maji kujaa. Sayyid Barghash alipelekewa karatasi imeshaiva, naye Desemba mwaka huo akakubali kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Hebu ndugu msomaji ifikirie hiyo alama ya maji kujaa. Kwenye ufukwe wa mchanga ni rahisi kuiona. Lakini kwenye mdomo wa mto maji ya bamvua hupanda na mto mpaka ndani ya mashamba. Maili 10 zinaanza pwani au zinaanza kule juu maji yalikokoma? Kwenye kila mdomo wa mto mtu angeweza kumpa Sultani ardhi au kumnyang'anya, kwa kuchagua tu mto unaishia wapi.

Na ukanda huo haukuwa mchezo. Upande wa Tanganyika Mjerumani aliulipia marks milioni 4 baada ya makubaliano ya 1890. Upande wa Kenya ulibaki kwa jina la Sultani, bendera yake ikipepea Mombasa, mpaka mwaka 1963, baada ya tume ya Robertson ya 1961 na kelele zote za Mwambao ambazo wazee wetu wengine bado wanazikumbuka. Watu waligombana, wakatengana, kwa sababu ya ukanda ambao upana wake ulipimwa kwa kupwa na kujaa.

Utazame mto Umba. Karatasi ya 1886 ilisema mpaka baina ya himaya mbili uanzie mdomo wa mto Wanga au Umbe, yaani Umba, pale Vanga. Ile ya 1890 ikasema ukingo wa kaskazini wa mdomo huo. Mwaka 1893 wakubwa wakabadilisha tena, mwanzo wa mpaka wakauweka Ras Jimbo, na mdomo wa Umba wote ukabaki upande wa Mwingereza. Miaka saba, mwanzo mara tatu! Matokeo yake tunayo leo: mto unazaliwa milima ya Usambara nchini Tanzania na unafia Vanga nchini Kenya. Anayeyatumia maji kule juu na anayeipata chumvi huku chini hawana hata serikali moja ya kuilalamikia.

Nenda kusini, Ruvuma. Wajerumani na Wareno walikubaliana mwaka 1886 kwamba mto Ruvuma ndio mpaka. Lakini mwaka 1892 Wajerumani wakageuka wakasema Wareno hawana haki yoyote kaskazini ya Rasi Delgado, na mwaka 1894 wakaichukua Kionga, kusini ya mdomo wa mto. Wareno wakairudisha mwaka 1916 katikati ya vita, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Kwa hiyo mtu wa Kionga aliyezaliwa kabla ya 1894 akafika mwaka 1919, alibadilishiwa wenyewe bila kuhama nyumba, kwa sababu ya ubishi wa mdomo wa mto ambao yeye aliuvuka kwa mtumbwi kila wiki kwenda kuwaona ndugu zake.

Angalau Tanzania na Msumbiji, walipokuwa nchi huru, walikaa kitako. Katika makubaliano yao ya Desemba 1988 waliufunga mdomo wa ghuba ya Ruvuma kwa mstari kutoka Ras Mwambo upande wa Tanzania hadi Cabo Suafo upande wa Msumbiji, wakasema maji yote yaliyo ndani ya mstari huo ni ya ndani ya nchi hizo mbili, na nje yake bahari inaanza. Nawasifu kwa kufanya hivyo bila bunduki. Miaka michache tu baada ya 2010, eneo lile likaja kujulikana dunia nzima kwa gesi ya bonde la Ruvuma. Fikirieni kama wangesubiri gesi igunduliwe kwanza ndipo wajadiliane mdomo uko wapi! Somalia na Kenya walichelewa, na ugomvi wao wa bahari ulikwenda mpaka mahakama ya The Hague iliyotoa hukumu Oktoba 2021, hukumu ambayo Kenya ilishatangaza mapema kuwa haiitambui.

Mpaka hapa mtaona nimezungumza habari za wafalme na mawaziri. Sasa nije kwenye kiini chenyewe, maana hapa ndipo penye mushkeli.

Mstari kwenye ramani haujongei. Mto unajongea.

Karatasi ile ya 1886 ilitaja mdomo wa Tana mahali pake na Kipini mahali pake, kwa kuwa Kipini wakati huo ilikuwa mdomo wa mto Ozi. Tana ilikuwa na mdomo wake mwenyewe. Lakini katika karne hiyo hiyo ya 19 palichimbwa mfereji wa Belezoni kuiunganisha mito hiyo miwili, mafuriko yakaupanua, na maji ya Tana yakauhama mdomo wa zamani yakaenda kutokea Kipini. Mfereji wa mitumbwi ukawa mto, na mto ukawa mkono uliokauka. Tana ya kwenye karatasi ilibaki pale pale, na Tana yenyewe imeshahama.

Delta ya Rufiji ni hivyo hivyo, tena zaidi. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, ilijificha ndani ya delta ile, na Waingereza walihangaika kwa miezi mpaka Julai 1915 ndipo wakaimaliza. Kwa nini? Kwa sababu ramani walizokuwa nazo hazikuonesha kwamba mikono ile ya mto inaweza kupitisha meli kubwa. Wajerumani walikuwa wameshaipima kwa meli yao Möwe. Kwa Mwingereza pale palikuwa mwisho wa bahari. Kwa Mjerumani palikuwa barabara. Na katika miaka ya 1970 mafuriko yaliyahamisha maji baridi mengi kwenda mikono ya kaskazini ya delta. Kusini kukazidi chumvi. Wakulima wa mpunga wakafuata maji, wakafungua mashamba mapya kaskazini, na huko wakakutana na mikoko, na mikoko kisheria ni msitu wa hifadhi wa serikali. Mtu anayefuata mto uliomhama akaitwa mvamizi.

Na sasa, mbali na mafuriko, tuna mabwawa. Pangani ilifungwa Nyumba ya Mungu miaka ya 1960, ikafungwa Hale mwaka 1964, ikaongezwa kituo kipya cha Pangani Falls mwaka 1995, ukiacha mifereji ya umwagiliaji kutoka Kilimanjaro na Meru. Maji yanayofika mjini Pangani yamepungua, na bahari haikubali pengo: mto ukirudi nyuma hatua moja, yenyewe huingia hatua moja. Mashamba ya kandokando ya mto yaliyokuwa yakinywa maji matamu yakaanza kunywa chumvi. Tana nayo ina mlolongo wa mabwawa, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, na wakulima wa Ozi na Kipini wanaijua chumvi inavyopanda maji ya mto yakiwa machache. Rufiji imepata bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022 na kuanza kutoa umeme mwaka 2024.

Tuelewane hapa, maana nawajua wasomaji wangu. Sipingi umeme. Mtoto wa Ikwiriri anahitaji taa ya kusomea kama mtoto wa Toronto. Wala siseme bwawa ndilo chanzo cha kila baya. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoharibu mashamba ya Rufiji na Kibiti yalikuja na mvua kubwa isiyo ya kawaida, na ubishi juu ya bwawa na mafuriko yale nawaachia wahandisi. Ninachosema ni hiki: kila bwawa hubadilisha mahali mto unapoishia. Hupunguza maji baridi au hubadilisha majira yake, na hushika udongo ambao ndio uliojenga delta. Hiyo ndiyo kazi ya bwawa kwa maumbile yake. Kwa hiyo unapojenga bwawa juu, umechora ramani mpya huku chini, hata kama hukushika kalamu.

Ajabu ni kwamba sheria ya kimataifa inaruhusu ramani isibadilike. Ule mkataba wa 1982 katika Ibara ya 7 unasema pwani ya delta ikiwa haitulii, nchi inaweza kuchora mstari wake kwenye ncha za mbele kabisa, na mstari huo ukabaki halali hata bahari ikija kuila ardhi ile, mpaka nchi yenyewe iamue kuubadilisha. Kwa serikali ni jambo zuri: ardhi imekwenda, mipaka ya bahari imebaki. Lakini mtu wa delta hapati Ibara ya 7. Yeye shamba lake likiliwa limeliwa, na kisima kikigeuka chumvi hana mkataba wa kumwambia kwamba kwa mujibu wa sheria maji yake bado ni matamu.

Na akienda kulalamika, aende kwa nani? Kuna bodi ya maji ya bonde, ambayo kazi yake ni mto. Kuna wa uvuvi na hifadhi za bahari, ambao kazi yao ni bahari. Kuna wa misitu, ambao wanaona mikoko. Kuna wa umeme, ambao wanaona mtambo. Kuna halmashauri, ambayo inaona kodi. Kila ofisi ina mstari wake, na mtu wa mdomo wa mto amekaa pale mistari yote inapopishana, pale ambapo kila ofisi inaweza kusema hapo si kwetu, jaribu kwa jirani. Mtumbwi wa wengi huzama. Huu hauzami kwa wingi wa waliopanda. Unazama kwa wingi wa wanaosema si wao wa kuufumba.

Isitoshe, mahali pasipo na mwenyewe huwavutia wenye fedha. Mwaka 1997 serikali iliidhinisha mradi mkubwa wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji, wa maelfu ya hekta, pamoja na wataalamu kuonya. Ramani za mradi zilipaona pale pakiwa patupu, matope na mikoko. Wanavijiji wa delta walikataa, wakaenda mahakamani, na mradi ukafa. Walishinda kwa sababu walijua jambo ambalo ramani haikuandika: kwamba baina ya mto na bahari kuna watu.

Atatokea wa kuniuliza, sasa wewe unataka nini? Mstari lazima uwepo mahali fulani. Serikali haiwezi kuchora ramani mpya kila maji yakipwa, na mahakama haiwezi kuamua kesi kwa ladha ya ulimi. Hoja hiyo naikubali kabisa. Mstari wa mipaka ya nchi uwe mmoja, uandikwe, utulie. Anayetaka kuuchezea kila mwaka anataka vita. Ras Mwambo na Cabo Suafo zibaki pale pale. Lakini mstari huo wa dola ni kwa ajili ya meli na majirani. Hauwezi kuwa huo huo wa kuamua nani anastahili maji baridi, nani ni mvamizi na nani ni mwenyeji. Hayo yanahitaji mstari wa pili, mstari wa chumvi, nao ukubaliwe tangu mwanzo kwamba unatembea.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni matatu tu.

Kwanza, chumvi ipimwe na itangazwe. Kila mwaka, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, ipimwe imepanda mpaka wapi Pangani, Rufiji, Ruvuma, Tana na Umba, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, si kufungiwa kwenye kabati la wizara. Kipimo chenyewe si kitu cha ajabu, ni chombo cha kubeba mkononi, na kijana yeyote wa kidato cha nne anaweza kufundishwa kukitumia. Wazee wa hapo waulizwe zamani maji matamu yaliishia wapi, nayo yaandikwe. Mwenye kumbukumbu zilizoandikwa hawezi kuambiwa kwamba maji yake yalikuwa ya chumvi siku zote.

Pili, maji ya mdomo yawe haki, yasiwe masalio. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya mwaka 2009 imeshayataja maji ya mazingira na kuyaweka nyuma tu ya maji ya kunywa na ya nyumbani, kabla ya matumizi ya kiuchumi. Kenya nayo ina akiba ya namna hiyo katika sheria yake ya maji ya 2016. Basi wabunge wa Pwani, wa Tanga, wa Mtwara, wa Kwale na wa Tana River waulize bungeni swali moja: ni maji kiasi gani yameahidiwa kufika mdomoni, mwezi hadi mwezi, na mwaka jana yalifika kiasi gani? Wakijibiwa hakuna takwimu, hilo nalo ni jibu.

Tatu, watu wa mdomo wakae mezani. Hapa Toronto kuna mto mdogo uitwao Don. Zamani uliishia katika kinamasi kikubwa cha Ashbridges Bay. Karne iliyopita wenye viwanda wakakifukia kinamasi, mto wakaukunja kona ya mraba na kuuingiza kwenye mfereji wa zege, na wenyeji wa asili wa ardhi hii hawakuulizwa neno. Mafuriko yakawa ndiyo mazungumzo. Kwa hiyo serikali tatu, ya nchi, ya jimbo na ya jiji, zikatoa zaidi ya dola bilioni moja kuuchimbia mto ule mdomo mpya. Mikutano ya wananchi ilifanyika kwa miaka mingi, watu wa asili safari hii wakashirikishwa, mdomo mpya ukaunganishwa mwaka 2024, na mwaka 2025 bustani yake ikafunguliwa kwa jina la lugha ya wenyeji, Biidaasige. Siwasifu Wakanada kupita kiasi. Walilipa bilioni kurekebisha walichoharibu wenyewe. Ninachotaka tukione ni kwamba mwisho wa mto ni jambo la kujadiliwa na raia hadharani. Kama mto unaoingia ziwani katikati ya majengo ya ghorofa unastahili mikutano, vipi Rufiji inayolisha maelfu?

Na sisi tulio nje tusijifanye watazamaji. Wengi wetu hutuma fedha nyumbani kuchimba kisima, kwa sadaka ya mzazi aliyefariki au kwa umoja wa watu wa kijiji. Ni jambo jema, Mungu alipokee. Lakini kabla ya kutuma, tuulize: chumvi imefika wapi? Kisima kilichochimbwa mita mia chache kutoka mahali bahari inapopanda kinaweza kuwa kitamu leo na baada ya miaka mitano kikawa cha kuoshea mitumbwi. Sisi tunaouliza bei ya tiketi mara kumi kabla ya kulipa, tushindwe kuuliza hilo? Tukianza kudai kipimo kwa kila kisima tunachokilipia, wala hatutaisubiri serikali. Vipimo vya mwanzo tutakuwa navyo wenyewe.

Mimi ni mwandishi niliyeondoka kwetu kwa sababu ya kalamu, na naujua mstari wa kuchorwa na mwingine ulivyo. Anayekuchorea hakuulizi unalala wapi. Lakini kalamu ya ramani haina uchawi. Ilishikwa na watu wa London na Berlin, ikaja kushikwa na mawaziri wetu, na hakuna sheria inayomkataza mtu wa Salale, wa Bweni au wa Vanga kuishika. Aanze kwa kuandika maji matamu yanaishia wapi mwaka huu, na mwakani aandike tena.

Naomba kutoa hoja.